Nilivyojifunza kuangalia skeiti ya jozi: nilimfuata Robin Szolkowy miguu tu

Niseme mapema kabisa, mi sijawahi kuvaa viatu vya kutelezea kwenye barafu, nimekulia Tanga na barafu tunayoijua kule ni ile ya ubuyu kwenye kimfuko. Nilichoweza ni kukaa mbele ya mashindano ya skeiti ya jozi, yaani mwanaume na mwanamke wanateleza pamoja, nikajua nani kafanya vizuri na nani kavurunda kabla majaji hawajatoa pointi. Watu wengi wananiuliza nimewezaje kwa sababu wao wakiangalia wanaona wote sawa tu, wanazunguka, wanarushana, basi.

Ilianza na binamu yangu kutupia kwenye grupu la familia picha ya jamaa kavaa medali, kaandika Mtanzania bingwa wa dunia mara 5 mnamjua? Hamna aliyemjua. Mi niko Ujerumani nafanya kazi ya kutunza wazee huku jimbo la Saxony nikaona aibu, nikatafuta. Jamaa ni Robin Szolkowy, na ukweli ni kwamba ni Mjerumani, kazaliwa Greifswald 1979, ile Ujerumani Mashariki, mama yake Mjerumani muuguzi na baba yake daktari kutoka Tanzania, na jezi aliyoshindania ni ya Ujerumani, kwa hiyo tusimvalishe ya Taifa Stars kwa nguvu. Ila ubingwa wa dunia mara 5 ni kweli: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014, alafu shaba mbili za Olimpiki, Vancouver 2010 na Sochi 2014. Mwenzake ni Aliona Savchenko, dada aliyetoka Ukraine, walianza pamoja 2003 chini ya kocha Ingo Steuer pale Chemnitz. Na Chemnitz ni hapo tu, napanda treni nafika.

Basi nikaanza kuangalia video zao za zamani na jamani sikuelewa chochote. Kila nikiangalia macho yanamfuata dada, maana dada ndo anaruka, ndo anang'aa, ndo yuko juu. Robin namwona kama mtu aliyesimama kumshikia mwenzake mkoba.

Aliyenifungua ni bibi mmoja pale ninapofanya kazi. Huyu bibi ameishi Chemnitz tangu ikiitwa Karl-Marx-Stadt, mji aliokuzwa Katarina Witt, yule bingwa wa Olimpiki wa skeiti, na kocha wake Jutta Müller, sasa mtu wa hivyo kwenye skeiti humdanganyi. Siku moja baada ya chai ya jioni nikamwekea video kwenye tableti, akaangalia kidogo, akaniuliza umeona nini, nikasema nimeona dada karushwa vizuri. Hakusema kitu. Akachukua gazeti lake akalikunja, akafunika nusu ya juu ya kioo, ikabaki miguu peke yake, akaniambia haya sasa angalia.

Ndo nikaona. Pale dada anaponyanyuliwa juu ya kichwa, mwanaume hajasimama, yuko anateleza anazunguka chini yake, mguu huu unageuka, ule unapokea, kisu cha kiatu kinachora barafu na mwili mzima wa mtu uko juu ya mikono yake, tena mara nyingine mkono mmoja. Miguu ya Robin ilikuwa haishtuki. Video ya jozi nyingine tukaangalia vilevile na gazeti, nikaona mwanaume anapiga vihatua vidogo vidogo vya kujiokoa, juu huku dada anatabasamu watu wanapiga makofi hawana habari. Ni kama mama aliyebeba ndoo kichwani, ukiona maji hayamwagiki usisifie ndoo.

Toka hapo nikawa naangalia kila video mara mbili, mara ya kwanza na gazeti, ya pili bila. Ukifanya hivo vitu vinaanza kujitenga vyenyewe. Kuna ile mwanaume anamrusha mwenzake juu wima, dada anazunguka hewani mara tatu alafu jamaa anamdaka kiunoni, hapo angalia mikono, akidakwa juu bado kwa ulaini ni safi, akiangukia kifuani kwa jamaa hapo pointi zinapungua hata kama hakuna aliyeanguka. Kuna ile anamrusha mbali na dada anatua mwenyewe kwa mguu mmoja akirudi kinyumenyume. Na kuna ule mzunguko wa kifo, mwanaume anachomeka meno ya mbele ya kisu kwenye barafu, anakunja goti, anamshika dada mkono mmoja na dada anazunguka amelala, kichwa karibu kiguse barafu. Wote tunaangalia nywele za dada. Bibi anaangalia goti la mwanaume.

Mashindano yaliyonifanya nijiamini ni ubingwa wa dunia wa Nice, Ufaransa, 2012. Kila jozi inateleza mara mbili, programu fupi alafu ndefu, pointi zinajumlishwa. Warusi Volosozhar na Trankov walikuwa moto mwaka ule, lakini kwenye programu fupi Trankov, mwanaume, aliteleza akaanguka kwenye huohuo mzunguko wa kifo, wakashuka mpaka nafasi ya 8. Siku ya programu ndefu wakarudi wakawapiga wote, na bado Robin na Aliona wakachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 0.11 ya jumla. Sifuri nukta kumi na moja! Mtu akikuambia kazi ya mwanaume ni kushikilia tu mpe hiyo.

Vancouver nayo nimeiangalia sana, kwa uchungu. Walikwenda ni mabingwa wa dunia mara mbili mfululizo, programu ndefu ikapigiwa muziki wa filamu inayohusu Kenya ya wakoloni (nilicheka peke yangu, dunia ndogo), wakamaliza wa tatu nyuma ya jozi mbili za Wachina, Shen na Zhao wenye dhahabu na Pang na Tong. Mi kwa macho yangu ya sasa naona walistahili ile shaba, si zaidi. Binamu yangu anasema ni ubaguzi. Nikamtumia video nikamwambia aweke gazeti, hajanijibu mpaka leo.

Ila Sochi 2014 ndo mimi na bibi hatuelewani kabisa. Walikuwa wa pili baada ya programu fupi. Kwenye ndefu Robin akaanguka kwenye mruko wake, dhahabu ikawa imeshaondoka, na kitu cha mwisho kilichobaki ni kumrusha Aliona mruko unaoitwa akseli, wa mizunguko mitatu na nusu, mgumu ambao wengi hawakuwa hata wanaugusa. Wakaurusha. Aliona akaanguka, wakashushwa mpaka wa tatu. Bibi anasema ule ni ujinga, ukishaona mambo yameharibika unarusha kitu chepesi unabaki na medali yako ya fedha. Mi namwambia bibi, watu wana miaka kumi na zaidi pamoja, wako kwenye Olimpiki yao ya mwisho, shaba wanayo nyumbani toka Vancouver, medali ya fedha wakaifanyie nini? Mwezi uliofuata wakaenda Saitama, Japani, wakachukua ubingwa wa dunia wa tano, Robin akaacha mashindano akaingia kwenye ukocha. Bibi akisikia Saitama ananijibu kwamba Saitama si Olimpiki. Tukifika hapo huwa namwambia muda wa dawa umefika.