Kiti mwendo cha kukunja: nilivyompimia mama kabla ya kutoa pesa

Ukiingia dukani kutafuta kiti mwendo, jambo la kwanza utakaloonyeshwa ni namna kinavyojikunja. Muuzaji anavuta turubai la kukalia, kiti kinabana, anakinyanyua kwa mkono mmoja, na papo hapo unakiona kikiingia kwenye bajaji. Mimi niliwekewa mbele kiti cha kilo 9 chenye magurudumu manne madogo, na nilikipenda kwa wepesi wake. Sikukinunua. Mama ana udhaifu wa upande wa kulia baada ya kiharusi, na mtaalamu wa fiziotherapia alishanisihi nipime vitu vitatu kwanza: mwili wake, milango ya nyumba, na njia anazopita. Tunaishi Ujiji, Kigoma, kliniki yake iko hospitali ya Maweni, na ndugu zake wako vijiji vya kaskazini ambako watu huenda kwa boti kutoka Kibirizi. Kiti cha kilo 9 kingefaa kwenye sakafu ya vigae.

Nilianza na mwili. Nilimkalisha kwenye benchi gumu, mgongo umegusa ukuta, nyayo zimelala chini. Futi ya fundi cherehani haifai kuzungushwa kwenye nyonga, kwa sababu inafuata mnofu na kukupa namba kubwa. Chukua vitabu viwili vyenye jalada gumu, visimamishe kulia na kushoto kwa nyonga, viguse bila kubana, kisha pima umbali kati ya kitabu na kitabu. Nilipata sentimita 40. Kiti cha inchi 16 kina karibu sentimita 41 za kukalia, cha inchi 18 kina karibu 46. Muuzaji alishikilia cha 18, "Mama akae kwa nafasi, dada yangu." Nafasi hiyo ndiyo inayomlaza mgonjwa upande uliolegea. Mwili unatafuta pa kuegemea, unakuta pengo, unapinda, na uzito wote unahamia kwenye mfupa mmoja wa kalio. Tena kila sentimita unayoongeza kwenye kiti unaiongeza pia mlangoni. Kiti chenye magurudumu makubwa ya nyuma huwa na karibu sentimita 20 zaidi ya upana wa kukalia, kwa kuwa magurudumu na pete za kusukumia ziko nje. Cha inchi 16 kinachukua kama 61, cha inchi 18 kama 66. Mlango wa choo chetu una uwazi wa sentimita 64 ukipima kutoka fremu hadi kwenye mlango wenyewe uliofunguliwa. Pima hapo, ukipima fremu kwa fremu utajidanganya, kwa sababu ubao wa mlango hula nafasi.

Kina cha kiti ni urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukatoe sentimita 3 hadi 6. Kikizidi, ukingo unakata nyuma ya goti, na mtu anajisogeza mbele ili apumue, anaishia kukalia kitonoko, ule mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Wengi hudhani mgonjwa anateleza kwa sababu ni dhaifu, wakati kiti ndicho kirefu. Kwa vikanyagio, pale nyayo zinapotua, pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino akiwa amevaa viatu, toa unene wa mto wa kukalia ukiwa umekaliwa. Vikiwa juu mno magoti yanapanda na paja linaacha kubeba uzito, makalio yanabeba yote. Vikiwa chini mno vinagonga mawe. Kwa njia zetu sikukubali chini ya sentimita 5 kutoka ardhini.

Kuna jambo moja la watu wa kiharusi ambalo maduka hayalitaji. Mama ana mkono mmoja wenye nguvu na mguu mmoja wenye nguvu. Kwa mkono mmoja tu kiti kinazunguka palepale. Akitumia mkono wa kushoto na kukanyaga kwa mguu wa kushoto, anakwenda mbele mwenyewe ndani ya nyumba. Ili iwezekane, kisigino cha kushoto lazima kifike chini akiwa amekaa juu ya mto. Viti vingi vya kawaida vina kimo cha sentimita 48 hadi 51 kabla ya mto, na hapo mguu unaning'inia. Nilitafuta fremu yenye matundu kadhaa ya ekseli, nyuma na kwenye uma wa magurudumu ya mbele, yaani chuma kinachoshika gurudumu pande mbili, ili kiti kiweze kushushwa. Ukishusha nyuma, shusha na mbele kwa kiasi kilekile, la sivyo uma wa mbele unakaa mshazari na gurudumu linatetemeka ukisukuma kwa kasi. Kikanyagio cha kushoto tunakitoa akiwa ndani. Cha kulia kinabaki, kimetangulia mbele kidogo.

Sasa magurudumu, maana hapa ndipo Kigoma inapoamua. Gurudumu dogo likigonga jiwe husimama ghafla, na mwili uliokaa unaendelea mbele. Kwenye mchanga wa Ujiji gurudumu jembamba linazama na kugeuka jembe. Kwa hiyo nilitaka magurudumu ya mbele ya inchi 8 yenye upana wa kama sentimita 5, na ya nyuma ya inchi 24. Wakati wa masika udongo mwekundu unajaa kwenye uma, na uma uliobana gurudumu unaliziba kabisa. Hakikisha kidole chako kinapita kati ya tairi na uma. Hata kiti kizuri kitakwama kwenye mchanga mwingi. Hapo kigeuze, uvute kinyumenyume magurudumu makubwa yakitangulia, au ukanyage kile chuma cha nyuma, uinue mbele na kwenda kwa magurudumu mawili. Kushuka mteremko wa barabara ya Lumumba kutoka Mwanga kuelekea stesheni, shuka kinyumenyume vilevile, wewe ukiwa upande wa chini, hatua fupifupi. Ukimshusha uso mbele, asiye na nguvu za kiwiliwili anamwagika.

Kabla ya kulipa, soma ubavu wa tairi la nyuma. Viti vingi huwa na 24 x 1 3/8, na pembeni yake kumeandikwa 37-540. Hiyo 540 ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Tairi la baiskeli ya mtoto ya inchi 24 mara nyingi ni 507, nayo haivai hapo hata fundi alazimishe, ingawa zote zinaitwa "ishirini na nne". Fundi wa baiskeli Mwanga alilishika tairi, akalizungusha, akaniambia: "Dada, spoku nitakukazia, beringi nitakutafutia, lakini mpira huu sina." Nikanunua kiti pamoja na tairi mbili na tyubu mbili za akiba palepale dukani. Tairi gumu lisilo na upepo halipati pancha, ni kweli, lakini kila jiwe linafika mgongoni, na spoku zinalegea mapema. Nilichagua la upepo. Tahadhari moja: mashine ya upepo ya gereji inajaza haraka mno na tyubu hizi ni nyembamba. Kiwango kimeandikwa ubavuni. Pampu ya mkono inatosha.

Upepo huo huo ndio unaoshikilia breki, na hili wengi hawalijui. Breki ya kiti mwendo ni chuma kinachobana mpira. Tairi likipungua upepo, chuma hakifiki, na mkono wa breki unalala kama kawaida huku kiti kinateleza. Mtu anayehama kutoka kitandani anaanguka hapo. Kila asubuhi ninafunga breki zote mbili na kusukuma kiti kwa goti kabla mama hajasogea. Kikisogea, najaza upepo kwanza, ndipo nashika spana.

Mto niliopewa na kiti ulikuwa sponji laini la sentimita 3. Upo ukaguzi wa mkono unaofundishwa katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, na yeyote anaweza kuufanya. Mgonjwa akiwa amekaa, ingiza mkono chini ya kalio, kiganja kikiangalia juu, hadi ncha za vidole ziukute ule mfupa wa kukalia. Jaribu kuchezesha vidole juu na chini. Vikisogea nusu sentimita au zaidi, mto unafaa. Vikigoma kusogea lakini vinatoka kirahisi, kaa chonjo. Vikiwa vimebanwa hata kuvitoa ni kazi, huo mto utaleta kidonda. Upande wa kushoto vidole vyangu vilitoka. Upande wa kulia vilibanwa hasa. Nikatengenezesha mto wa tabaka mbili: chini sponji gumu la sentimita 4, juu laini la sentimita 3, na katika lile la chini tukachonga shimo la kina cha sentimita 2 sehemu ya nyuma, mifupa inapotua. Foronya ni ya kitambaa kinachovutika. Kitambaa kigumu kilichokazwa kama ngoma kinambeba mtu juu ya sponji na kazi yote inapotea.

Chini ya mto nimeweka ubao wa plaiwudi wa milimita 9, umekatwa ulalie vile vyuma viwili vya pembeni. Turubai la kiti cha kukunja hulegea na kuwa kama machela; nyonga zinaingia katikati, magoti yanakutana. Ubao unatolewa pamoja na mto kabla ya kukunja. Mto ulipopanda hadi sentimita 7 ilibidi nirekebishe tena vikanyagio, na mikono ya kiti ikapandishwa ili bega la kulia lisining'inie. Jioni ninaangalia ngozi ya makalio na kitonoko: wekundu usiotoka ndani ya nusu saa ni dalili ya kusimamisha ukaaji na kutafuta chanzo.

Baada ya hayo ndipo tulipofika kwenye kukunja. Ule mfumo wa vyuma viwili vilivyopishana kama mkasi chini ya kiti ulibuniwa Marekani mwaka 1933 na Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyeumia uti wa mgongo, pamoja na Harry Jennings, ili kiti kiingie kwenye gari. Sehemu inayochakaa ni bolti ya katikati, pale vyuma vinapokutana. Dukani weka kiti juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka, umkalishe mtu, uangalie kama magurudumu yote manne yanagusa. Moja likiwa hewani, fremu imepinda. Kunja na kufungua mara tano. Kinachogoma kikiwa kipya hakitalainika.

Namna ya kukunja: funga breki, toa vikanyagio kabisa, toa mto na ubao, shika turubai katikati mbele na nyuma, vuta juu mara moja. Kufungua, sukuma vyuma vya pembeni kwa viganja vilivyo wazi, vidole vielekee ndani ya kiti. Ukivikunja vidole kuzunguka chuma, vitabanwa kati ya chuma na kitako chake, na hapo ndipo vijana wa bajaji huumia. Wafundishe kabla hawajashika. Waambie pia wasinyanyue kwa mikono ya kiti wala kwa vikanyagio, maana vyote vinachomoka, washike fremu.

Changu kina kilo 15, aluminiamu. Kikikunjwa ni upana wa kama sentimita 30, na bila vikanyagio urefu unashuka hadi kama 80. Magurudumu ya nyuma yana ekseli ya kitufe: unabonyeza katikati, gurudumu linatoka. Fremu tupu mwanamke mmoja anaibeba. Kwenye bajaji mama anakaa, fremu inasimama mbele ya kiti cha pembeni yake, magurudumu nyuma. Kwenye Probox vyote vinaingia nyuma bila kung'oa kitu. Kwa basi, kiti huenda kwenye buti, na mizigo ikikiangukia kikiwa wazi mkasi unapinda. Ninakifunga kwa mpira wa tyubu chakavu mizunguko mitatu, vikanyagio na mto vinakaa kwenye mfuko nilionao mimi. Vikanyagio ndivyo vinavyopotea kuliko kitu kingine. Kwenye treni ngazi ni ndefu na kichochoro cha behewa hakipitishi kiti kilichofunguliwa, kwa hiyo omba watu wawili wa kumbeba na ufike mapema.

Kibirizi ni kazi zaidi. Boti haifiki pakavu, na ukisukuma kiti majini ili kuikaribia, maji yanaosha grisi ya beringi hata kama ziwa halina chumvi. Mama hubebwa kwanza, fremu na magurudumu hufuata mabegani, na kiti hufunguliwa tena mchangani upande wa pili. Siku hiyo hiyo jioni ninafuta mchanga kwenye ekseli kwa kitambaa kikavu na kuweka tone la mafuta kwenye kitufe, kwa sababu mchanga ukikigandisha gurudumu halijifungi. Kila ninapolirudisha ninalivuta nje kwa nguvu kuhakikisha limeshika, ndipo mama anakaa.