Karafuu na makonyo

Leo siku ya 12 tangu nitolewe mtoto wa jicho, jicho la kulia.

Asubuhi nimekaa barazani hapa Wete, Pemba, jamvi la karafuu mbele yangu. Nikasema na mimi nichambue, karafuu mbali na makonyo, yaani vijiti vyake, nisikae kama mgeni. Mjukuu akanitazama kimya, kisha: "Bibi, hayo unayoyaweka ni makonyo."

Nikacheka. Moyoni niliumia.

Ukungu bado upo, kama natazama nyuma ya chandarua. Daktari kasema mbele ya jicho pamevimba kidogo, patashuka. Niendelee na matone mara 4 kwa siku, nisilifikiche, nisiiname. Hata kuswali naswali kwenye kiti.

Ila hapo hapo nikafumba jicho la kulia. Kanzu ya babu yao iliyoanikwa kambani ikawa rangi ya chai ya maziwa.

Nikafumba la kushoto.

Nyeupe pepepe! Ina ukungu, lakini nyeupe.

Jamani, miaka mingapi nimemgombeza mkamwana wangu kuwa hajui kufua?

Wenzangu mliopasuliwa, ukungu wenu uliondoka baada ya siku ngapi? Na huyu mkamwana nimtake radhi vipi?