Jivu la pumba
Juzi nilikuwa Ubaruku, Mbarali, kwa shemeji yangu anayefyatua matofali. Tanuru lake anachoma kwa pumba za mpunga, jivu linamwagwa tu kando ya njia. Mimi nikainama kulichota kwenye kiroba. Akacheka: "Shem, umesoma mpaka umeanza kuokota majivu?"

Pumba ikiungua, karibu asilimia 20 ya uzito wake hubaki jivu, na sehemu kubwa ya jivu hilo ni silika, madini yaleyale yaliyojaa kwenye mchanga. Likisagwa laini na kuchanganywa na saruji, linashikana na chokaa inayotoka humo, zege linakaza na maji hayapenyi kirahisi. Warumi walifanya hivyohivyo kwa majivu ya volkano (na sisi tumeukalia mlima wa volkano, Rungwe!). Watafiti wanalihangaikia jivu la pumba kwa sababu utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu. Wengine wanachenjua silikoni kutoka kwenye jivu hilohilo kwa ajili ya betri za lithiamu.

Kazi iko kwenye moto. Ukizidi sana nyuzi 700, silika inageuka fuwele na haishiki tena vizuri. Matofali yangu mawili ya kwanza, ya jivu la tanuru, yalimomonyoka mkononi kama udongo wa kichuguu. Shemeji alifurahi mno, hadi kero.

Sasa tunachoma pumba taratibu kwenye pipa lililotobolewa. Tofali la tatu tunalimwagilia kila asubuhi. Siku 28 za kusubiri saruji ikomae bado hazijatimia, na yeye ndiye anayezihesabu.