Sisi Tusipolisoma, Nani Atalisoma?

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimeombwa kuandika salamu za Krismasi zitakazosomwa kwenye hafla ya kazini, na aliyenikabidhi jukumu hilo amenisihi kwa upole nisiweke mistari ya Biblia, bali nizungumzie upendo, amani na familia ili kila mtu aridhike. Ombi hilo limenilemea moyoni. Hakuna lililo baya kati ya hayo aliyoyataja, lakini nikiyaandika hayo peke yake nitakuwa nimetangaza kuzaliwa bila kumtaja aliyezaliwa.

Katika kuliombea jambo hili nimekumbuka jinsi ilivyotengenezwa filamu ya katuni ya A Charlie Brown Christmas, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza na televisheni ya CBS nchini Marekani tarehe 9 Desemba 1965. Coca-Cola ndiyo iliyoidhamini, na muda wa kuitengeneza ulikuwa miezi michache tu. Charles Schulz, aliyewabuni wahusika wake katika katuni za magazetini, alikuwa mwamini aliyewahi kufundisha shule ya Jumapili. Alitaka mhusika mmoja wa katuni hiyo, mtoto aitwaye Linus, asimame jukwaani na kuisema Injili ya Luka, sura ya 2, mstari wa 8 hadi wa 14, bila kupunguza neno. Wenzake, mtayarishaji Lee Mendelson na mwongozaji Bill Melendez, walisita, kwa kuwa kuingiza Maandiko katika katuni lilikuwa jambo la hatari kwa kazi yao. Schulz akawauliza: sisi tusipofanya, nani atafanya?

Swali hilo ndilo lililonifanya niamue kwamba salamu zangu zitabeba jina la Yesu, kwa heshima na bila ubishi, na mwenye kuziondoa aziondoe yeye.

Tazameni pia jinsi neno lile lilivyosemwa. Charlie Brown, mtoto aliye mhusika mkuu wa filamu hiyo, akiwa amechoshwa na biashara iliyoizunguka sikukuu, anapaza sauti kuuliza kama yupo mtu anayejua maana ya Krismasi. Linus anaomba taa, kisha anaanza kusema habari za wachungaji waliokuwa kondeni, bila muziki chini ya sauti yake na bila vicheko vya kurekodiwa kama vilivyozoeleka katika vipindi vya wakati ule. Anapofika penye neno la malaika, “Msiogope,” mkono wake unaliachia lile blanketi ambalo siku zote hakubali kutengana nalo. Wakuu wa televisheni walipoitazama kazi hiyo waliiona ni ya polepole mno na hawakuipenda; iliporushwa hewani, karibu nusu ya waliokuwa wakitazama televisheni usiku ule waliitazama, na mwaka 1966 ikapata Emmy, tuzo ya vipindi vya televisheni nchini Marekani.

Basi niruhusuni niseme na makanisa yetu kwa upendo, kwa maana hapa ndipo ninapoumia. Tunafanya mazoezi ya kwaya kwa wiki nyingi, tunashona sare, tunakodi vipaza sauti, tunapanga ngonjera na michezo ya kuigiza, na inapofika zamu ya Luka 2, tunampa yeyote aliye karibu na kipaza sauti aisome haraka ili ratiba isichelewe. Je, tumeanza kuamini kwamba Neno la Mungu haliwezi kusimama peke yake mbele ya watu mpaka tulitegemeze kwa vinanda? Wachungaji wa Bethlehemu waliambiwa, wakaamini, wakaenda kwa haraka. Ndugu zangu, lirudishieni Neno nafasi yake katika ibada ya Krismasi! Lisomwe taratibu, vyombo vikiwa vimenyamaza, na kiongozi asiingilie kulifafanua kabla halijamalizika.

Na mpeni mtoto alisome. Sauti za filamu ile zilikuwa za watoto wenyewe, na waliokuwa bado hawajui kusoma walitamkiwa maneno yao kidogo kidogo, wakayarudia hadi yakarekodiwa. Mistari ile ni saba tu. Mzazi, anza leo jioni kwa mstari wa 8. Kama mwanao hajajua kusoma, mtamkie wewe kipande kwa kipande, naye arudie, na kesho mwendelee na wa 9.