Kutoka Tabora hadi Kibirizi, nikiwatazama mijusi

Niliwahi stesheni ya Tabora, treni ya Kigoma ikiwa bado, nikakaa kwenye benchi chini ya taa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na kumbikumbi walikuwa wametoka kwa wingi. Ukutani, kuizunguka taa ile, mijusi kafiri sita walikuwa kazini, na kumbikumbi aliyetua hakudumu.

Mchana uleule, kwenye mwembe wa nyumba niliyofikia, nilimtazama kwa muda mrefu mjusi mwingine, yule mwenye kichwa cha buluu. Alikuwa ameganda kwenye shina, kichwa kikipanda na kushuka, sisimizi wakipita mbele yake kwa mstari. Kila baada ya kitambo alimdokoa mmoja kwa ulimi. Jua lilipozama, akatoweka. Mwembe mmoja, ukuta mmoja, wadudu walewale, lakini hawa wawili hawabadilishani zamu. Yule wa mtini huvizia kwa macho, kwa hiyo anahitaji mwanga, na windo dogo hulinasa kwa ulimi wenye ute. Mjusi kafiri hukamata kwa taya, na macho yake yamezoea giza. Hakuna aliyejichagulia. Wote wamerithi.

Mambo haya yaliniingia moyoni kwa sababu ya majangwa ambayo sijayakanyaga. Eric Pianka, mwanaikolojia Mmarekani aliyefariki mwaka 2022, alianza miaka ya 1960 kuhesabu mijusi katika majangwa ya kwao, kisha akaenda magharibi mwa Australia na Kalahari. Mtu angedhani jangwa ni jangwa: mchanga, jua kali, mchwa. Lakini Marekani mahali pamoja alipata aina kama 10 hivi au pungufu, na Australia kuna mahali zaidi ya aina 40 wanaishi pamoja. Mchanga na jua peke yake havitoshi kueleza pengo hilo. Inabidi uulize ni koo zipi zilifika pale, na zilifika zikiwa na ujuzi gani.

Mwaka 2005 yeye na mwanaikolojia mwenzake, Laurie Vitt, waliweka vyakula vya aina 184 za mijusi, kutoka mabara manne, juu ya mti wa ukoo wao. Karibu asilimia 80 ya tofauti za vyakula hivyo ilifuata matawi sita makubwa yaliyoachana zamani sana, mengine tangu enzi za dinosaria. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulibadilisha mpangilio wa baadhi ya matawi hayo, lakini urithi wenyewe unaonekana kwa macho. Moloki wa Australia, mjusi mwenye miiba mwili mzima, hula sisimizi. Upande wa pili wa dunia, mjusi mwenye pembe wa Marekani naye hula sisimizi. Wote wawili ni wa upande wa wavizia kwa ulimi, kama huyu wa mwembe wa Tabora.

Tuliondoka usiku. Urambo na Kaliua zilipita nikiwa usingizini, nikazinduka miombo ikiwa imejaa ukungu. Kwenye kituo kimoja kabla ya Uvinza mtoto alisogea dirishani na kinyonga juu ya kijiti. Nilinyoosha mkono. Mama niliyekaa naye, ambaye tangu Tabora alikuwa amekumbatia dumu lake la asali, akanizuia.

"Mwanangu, usimguse huyo, ana nuksi."

"Mama, huyu ni ndugu yake yule mwenye kichwa cha buluu. Hata ulimi ni uleule, huyu kaurefusha tu."

Akamtazama kinyonga kwa muda. "Kwa hiyo ule ulimi ni wa mababu?"

Sijasikia mtu akiieleza habari hii kwa ufupi kuliko huyo mama.

Kigoma sikukaa. Nilishuka moja kwa moja Kibirizi, zinakopakia boti za Gombe na vijiji vya kaskazini, na huko kwenye mawe ya ufukweni nikamkuta niliyekuwa namtafuta: kenge, mrefu kuliko mkono wangu, ulimi wa ncha mbili ukitoka na kuingia. Ulimi huu haunasi kitu. Unaonja hewa na kufuata harufu. Majangwa ya Marekani hayana kenge hata mmoja. Australia wanao wa kila kimo, kuanzia wasiozidi sentimita 30 hadi wenye mita mbili, na pale wanafanya kazi ambazo kwingine hufanywa na wanyama kama nguchiro na paka mwitu.

"Huyo kamaliza mayai ya bata wangu," mvuvi mmoja aliniambia, akimlenga kwa kokoto.

Kenge hakukimbilia mbali. Alizunguka jiwe, ulimi ukipapasa mchanga, akasimama, akaanza kufukua kwa makucha. Nahodha aliita abiria wa Gombe mara mbili. Boti ya kwanza nikaiacha iondoke.