Kwotabeki wa chuo: hesabu pasi zake kabla hujamwamini

Tarehe 26 Novemba 2006, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka alimkamata kwotabeki wa Tennessee Titans, yaani mrushaji pasi wa timu ya futiboli ya Kimarekani, halafu akamwachia.

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis, ila jina lake hakuna Mganda asiyelijua: babu yake ndiye waziri mkuu wetu wa kwanza. Mwaka huo alikuwa chipukizi wa New York Giants, amechaguliwa wa 32 kwenye drafti, ile zamu ya timu za kulipwa kuchagua vijana wa vyuo. Titans walikuwa na jaribio la nne, la mwisho la kusogeza mpira, yadi 10 zimebaki. Kiwanuka akamkumbatia Vince Young, akadhani mpira umeshatoka mkononi, akaogopa kupigiwa adhabu, akalegeza mikono. Young akachomoka na yadi 19. Titans, waliokuwa wamelala 21–0, wakashinda 24–21.

Huku kwetu tukio hilo hukumbukwa kwa sababu ya Kiwanuka. Mwenye kufundisha kitu hapo, hata hivyo, ni Young. Januari ya mwaka huohuo alikuwa ameibeba timu ya chuo cha Texas dhidi ya chuo cha USC, 41–38, kwa yadi 267 za pasi na 200 za miguu yake mwenyewe. Mchezaji wa chuo akifanya hivyo kwenye fainali, nani atamkataa? Alichaguliwa wa 3, akapata tuzo ya chipukizi bora wa ushambuliaji. Baada ya msimu wa 2011 hakucheza tena mechi ya ligi ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Kiwanuka, aliyemwachia, alidumu Giants hadi msimu wa 2014.

Kila Agosti msimu wa vyuo ukikaribia, swali ni lilelile: huyu kijana atafika? Jibu la haraka ni hapana, na sababu ya kwanza ni viti. NFL ina timu 32, na kila timu ina kwotabeki mmoja uwanjani. Mpokeaji wa pasi hupata nafasi kwa sababu timu huweka watatu kwa pamoja. Mlinzi mnene wa mbele hubadilishwa kila baada ya dakika chache. Kwotabeki hapumzishwi. Ni kama namba kumi wa raga, lakini hata namba kumi unaweza kumsogeza beki wa nyuma ukiwa na wawili wazuri. Hapa wa pili anashika ubao wa karatasi pembeni. Daraja la juu la vyuo lina timu zaidi ya 130, na chini yake kuna nyingine zaidi ya 100. Drafti nzima, raundi 7, huchukua wachezaji 260 hivi wa nafasi zote. Makwotabeki mwaka 2022 walikuwa 9 tu. Mwaka 2023 wakawa 14.

Kuchaguliwa nako si kufika. Mwaka 2021 watano walienda raundi ya kwanza: Trevor Lawrence, Zach Wilson, Trey Lance, Justin Fields na Mac Jones. Msimu wa 2024 ulipoanza, Lawrence peke yake ndiye aliyekuwa bado kwa timu iliyomchagua.

Sasa mtazame Lance, maana kesi yake ndiyo safi kuliko zote. Msimu wa 2019 akiwa North Dakota State alitoa pasi 28 za tachidauni, yaani za kufunga, bila hata moja kunaswa na mpinzani. Namba ya ajabu. San Francisco walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ili wampate. Kitu ambacho wengi hawakukitilia maanani ni jumla: chuoni alirusha pasi 318, mechi 17 za kuanza, na msimu wa 2020 alicheza mechi moja tu. Akaanza mechi 4 San Francisco, akavunjika kifundo cha mguu, na mwaka 2023 akauzwa Dallas. Aliyekalia kiti chake ni Brock Purdy, chaguo la 262, la mwisho kabisa la drafti ya 2022. Purdy alicheza Iowa State miaka 4 na kurusha pasi zaidi ya 1,400. Februari 2024 alikuwa kwenye Super Bowl, fainali ya NFL.

Timu moja, kocha mmoja, kitabu kimoja cha mbinu. Yule wa pasi 318 hakuwa na mkono mbaya; alikuwa bado hajakutana na mambo. Kwotabeki anajifunza kwa kuonewa: ulinzi unajificha, anadanganyika, pasi inanaswa, kesho anaijua sura hiyo. Kuna sura kama hizo kwa mamia, na hakuna darasa linaloweza kumpa zote. Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kuangalia ni mechi alizoanza. Bo Nix aliingia Denver na mechi 61, rekodi ya vyuo. Jayden Daniels aliingia Washington na 55. Wote wawili walizifikisha timu zao kwenye mchujo wa kuwania ubingwa mwaka wao wa kwanza, 2024. Anthony Richardson, chaguo la 4 la mwaka 2023, aliingia Indianapolis na 13, na kabla msimu wake wa pili haujaisha alikuwa ameshawekwa benchi mara moja.

Kanuni hii ina tundu. Cam Newton alianza mechi 14 tu Auburn na bado akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015. Kuna na upande wa pili: wapo wanaocheza miaka 5 chuoni kwa sababu tu hakuna aliyewataka mapema. Kwa hiyo mechi nyingi hazimpi mtu kipaji. Ila mechi chache zinakuficha usijue kama anacho.

Tuje kwenye namba zenyewe za chuo, ambazo mimi huzipa nusu ya uzito wake, wakati mwingine robo. Tatizo linaanzia kwenye chokaa ya uwanja. Upana ni futi 160 kote kuwili. Lakini mpira huanzia kwenye alama mbili za katikati, na chuoni alama hizo zimeachana futi 40, NFL futi 18 na inchi 6. Mpira ukianzia kwenye alama ya kushoto chuoni, kulia kunabaki futi 100 za uwanja, zaidi ya mita 30. NFL pembeni hubaki futi 89 hivi. Makocha wa vyuo huutumia upande ule mpana kuwatawanya walinzi mpaka nafasi zinakuwa kama geti la shamba. Mpokeaji amesimama peke yake, kwotabeki anampa, takwimu inaandika pasi imefika. Kijana huyohuyo akipanda ngazi, geti linakuwa dirisha.

Halafu kuna sheria ya walinzi wa mbele, wale wanaomkinga kwotabeki wao. Chuoni wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele kabla pasi haijarushwa. NFL ni yadi 1. Zile yadi 2 za ziada zimejenga mtindo mzima: walinzi wanasukuma kana kwamba ni mbio, beki wa kati wa ulinzi anaingia mtegoni, kwotabeki anachomoa mpira na kuurusha nyuma ya beki huyo. Kusoma kwenyewe ni kumtazama mtu mmoja tu. Mbinu hiyo iko NFL pia, lakini kwa yadi 1 mwanya unafunga upesi, na kijana aliyepata theluthi ya yadi zake kwa njia hiyo anajikuta na kikapu kitupu. Ongeza na hili: mpokeaji wa chuo akigusa ndani kwa mguu mmoja inatosha, NFL anadaiwa yote miwili. Pasi ya pembeni iliyokuwa nzuri Jumamosi chuoni inakuwa nje Jumapili NFL.

Na lugha. Chuoni timu nyingi zilizoea kutazama pembeni, kocha anainua mabango ya picha, kila mtu anasoma lake. NFL kocha anamwambia kwotabeki kwa redio ya ndani ya kofia, na redio inakatwa saa ya kuanzisha kila mchezo ikibaki na sekunde 15 kati ya 40. Kwotabeki anairudia sentensi yote kwa wenzake 10, maneno kumi au zaidi yasiyo na maana ya kawaida, kisha anakwenda mstarini, anatazama ulinzi, anabadilisha akiona haja. Akikosa neno moja, mlinzi mmoja anaziba upande usio wake. Vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa redio hiyo mwaka 2024, kwa hiyo pengo hili limeanza kupungua.

Ukitaka kumpima mwenyewe, fanya hivi. Chagua mechi mbili za chuo ambazo mpinzani ana ulinzi mkali. Mechi ya 56–7 itupe. Chukua daftari. Kila pasi inayopokewa nyuma ya mstari wa kuanzia, usiiandike kabisa, maana hiyo ni kazi ya mpokeaji. Zilizobaki zigawe: zilizokwenda katikati ya uwanja zaidi ya yadi 10 mbele, na zilizokwenda pembeni. Asiyethubutu katikati ana sababu, na mara nyingi sababu ni kwamba hawaoni walinzi waliojificha pale. Kisha tazama jaribio la tatu lenye yadi 7 au zaidi, maana hapo kila mtu uwanjani anajua ni pasi. Mtazame kichwani, usifuate mpira. Je, anaangalia mtu wa kwanza, kisha wa pili, miguu ikigeuka pamoja na macho? Au anamkodolea mmoja, na akikuta amezibwa anaanza kukimbia? Kwenye NFL mpira hutoka kati ya sekunde 2.5 na 3. Hesabu kwa sauti: elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Akifika elfu nne mara kwa mara, hapo pana ugonjwa.

Ugonjwa huo una kipimo chake, nacho nakiamini kuliko asilimia ya pasi. Hesabu kila mara wavamizi wanapomfikia, halafu hesabu ameangushwa mara ngapi. Katika mara 10, kuangushwa 2 kunavumilika. 3 ni hatari. Watu huwalaumu walinzi, lakini tabia ya kushikilia mpira humfuata kwotabeki kutoka chuo hadi kazini kama kivuli. Caleb Williams alikuwa hodari wa kuzungukazunguka USC akisubiri mtu afunguke. Chicago walimchagua wa kwanza mwaka 2024, na msimu wake wa kwanza aliangushwa mara 68.

Vipimo vya mwili sivipi nafasi kubwa. Kiganja hupimwa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, na maskauti hutaka angalau inchi 9, kwa sababu mpira uliolowa humponyoka mwenye mkono mdogo. Urefu unasaidia kuona juu ya walinzi wa karibu mita 2, ila Kyler Murray na Bryce Young, wote wa futi 5 na inchi 10, walichaguliwa wa kwanza, na Drew Brees wa futi 6 alicheza miaka 20.

Kisichoonekana kwenye video ni mahali atakapotua, na hapa bahati inaingia bila kubisha. Timu inayochagua mapema ni ile iliyofungwa sana, yaani ina ukuta mbovu na kocha anayeogopa kufukuzwa. Kocha akifukuzwa, kijana anajifunza lugha mpya mwaka wa pili. Patrick Mahomes alikaa nyuma ya Alex Smith mwaka mzima wa 2017, akaanza mechi moja. Mwaka uliofuata akatoa pasi 50 za tachidauni. Sam Darnold, chaguo la 3 la 2018, alionekana amekwisha New York, kumbe mwaka 2024 alishinda mechi 14 kati ya 17 akiwa na Minnesota.

Asiyechaguliwa bado ana uchochoro: kikosi cha mazoezi, ambacho mwaka 2025 kilimlipa chipukizi dola 13,000 kwa wiki, au ligi ya Kanada yenye majaribio matatu badala ya manne. Kurt Warner alipanga bidhaa dukani Iowa, akacheza ligi ya ukumbini, na Januari 2000 akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Hadithi yake hutajwa sana kwa sababu hazipo nyingi.

Na kijana wa Kampala, namba kumi wa raga mwenye mkono mzuri? Kwa nafasi hii, milango imefungwa. Mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa huwapenda watu wakubwa wenye kasi, wanaoweza kufundishwa kazi moja. Jordan Mailata alitoka ligi ya raga Australia, akachaguliwa wa 233 mwaka 2018, akawa nguzo ya ukuta wa Philadelphia. Kusukuma unaweza kuanza ukiwa na miaka 20. Kusoma ulinzi wenzako walianza wakiwa shule ya msingi. Mwenye kutaka kurusha aangalie futiboli ya bendera, isiyo na kuangushana, ambayo itakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028.

Kwa wenye daftari: mechi za mapema za vyuo huanza Jumamosi saa 1 jioni kwa saa zetu, na za NFL Jumapili saa 2 usiku. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wakirudisha saa nyuma, ongeza saa moja kwenye kila kitu. Ile ya Jumapili usiku wa kwao inaangukia saa 9 na dakika 20 usiku kwetu, na baada ya Novemba saa 10 na dakika 20 alfajiri. Hiyo itazame marudio.