Altezza yangu, koni na vumbi la Jamhuri

Siku ya kwanza kuipeleka Toyota Altezza yangu kwenye autokrosi, yale mashindano ya kukimbiza gari kati ya koni huku saa ikihesabu, katika uwanja wa Jamhuri, Nairobi, ilizunguka mara tatu katika raundi moja. Mara ya tatu ilitulia ikiwa imeangalia nilikotoka, vumbi likimiminika dirishani na kijana wa bendera akicheka hadi akashika magoti. Chini ya kiti ilikuwa imetoka chupa ya maji niliyoisahau, ikabingirika hadi kwenye pedali ya breki. Tangu siku hiyo hata kalamu siiachi ndani ya gari nikienda mazoezini.

Hii ni Altezza RS200, ya gia sita za mkono, injini ya 3S-GE ya lita mbili, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye karatasi ina nguvu za farasi 210. Lakini Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Farasi wengine, kwa hiyo, walibaki Mombasa.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemaliza miezi mitatu nikizunguka kwa wauza vipuri na mafundi kati ya Kirinyaga Road na Industrial Area. Nilifunga shokabzoba za kurekebishika na springi ngumu, nikalishusha gari sentimita tano. Nikaweka difu inayobana magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja, na stabaliza nene ya nyuma, kile chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona. Yote hayo niliyatoa kwenye video za Wamarekani. Sikujiuliza jambo moja la wazi kabisa: wale wanakimbiza autokrosi juu ya lami, kwenye maegesho makubwa na viwanja vya ndege. Sisi Jamhuri tunakimbilia udongo.

Udongo hautaki ugumu. Gari likikuta mashimo madogo linarukaruka badala ya kuyafuata, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Stabaliza ile nene ilikuwa inalinyanyua gurudumu la nyuma la ndani kila nikikata kona, uzito wote unahamia la nje, nalo linashindwa, mkia unatoka. Halafu nikaongeza la kwangu. Nikihisi mkia unatoka, nilikuwa naachilia mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi zaidi, na gari linamalizia mzunguko lenyewe.

Haya yote sikuyajua mimi. Niliambiwa na mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye pikapu, ambaye kila mtu pale humwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Zamani alikuwa nevigeta wa mbio za magari, yule anayekaa pembeni akimsomea dereva njia.

"Kijana, nani alikwambia uachilie mafuta?"

"Niliogopa, Guka."

"Ogopa kabla ya kona. Ukishaingia ndani, saa ya kuogopa imepita."

Nikajitetea kwamba labda gari la kusukumwa nyuma halifai kwenye vumbi. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Akanihesabia kwa vidole: Datsun 240Z mwaka 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo, Shekhar Mehta akishinda mbio za Safari Rally mara tano, na kila mara gari lake lilisukumwa na magurudumu ya nyuma. "Na wewe umeshindwa na koni za plastiki," akasema, akaagiza chai.

Jumatatu nilirudi gereji kufungua nilichokuwa nimefunga. Fundi wangu aliumia.

"Bosi, hii si tuliifunga juzi tu?"

"Fungua tu, fundi."

Stabaliza ya nyuma ilitoka kabisa. Gari likapandishwa sentimita nne, shokabzoba zikalegezwa, na jamaa wa jua kali akanichomelea bamba la chuma chini ya injini, kwa sababu sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa tayari na makovu. Difu niliiacha. Kazi yote ilichukua siku moja, na sehemu kubwa ya bei yake ilikuwa lile bamba. Ile miezi mitatu sitaki kuipigia hesabu.

Kisha ndipo nikaanza kujifunza. Mjomba wa rafiki yangu ana yadi tupu ya muramu upande wa Athi River, akatukubalia Jumapili mbili. Guka hakutaka njia ya koni ishirini. Alisimamisha koni moja, akaniambia niizunguke kwa gia ya pili, kushoto mpaka nichoke, halafu kulia. Nikikanyaga mafuta kidogo pua inasogea nje, nikizidisha mkia unatoka, nikipunguza taratibu pua inarudi ndani. Baada ya kama saa moja mikono yangu ilikuwa imetulia na mguu ndio ulikuwa unalielekeza gari. Hapo nilifurahi kuliko siku niliyolinunua.

Kilichonisumbua zaidi ni macho. Nilikuwa naitazama koni iliyo mbele ya boneti, na koni ukiitazama utaigonga. Guka alinifanya nitazame kupitia dirisha la pembeni, kule ninakotaka kutokea. Ukiwahi kukaa karibu na dereva wa matatu utaona ndivyo afanyavyo: hatazami gari lililomzuia, anatazama mwanya. Breki nayo nilitakiwa niimalize gari likiwa limenyooka, ndipo nigeuze usukani. Handbreki alinikataza kabisa. Alisema nitaitumia kuficha makosa.

Jambo dogo kwa wenye gari kama langu: tangi likiwa chini ya robo, kona ndefu hukimbiza mafuta upande mmoja na injini inakohoa katikati. Nilihangaikia plagi siku nzima kabla ya kulijua hilo. Na kila raundi kagua upepo wa tairi, maana tairi likipata moto upepo hupanda na mshiko hubadilika.

Tuliporudi Jamhuri nilitembea njia nzima kwa miguu mara mbili, nikihesabu koni na kutafuta mahali udongo ulipolegea. Raundi ya kwanza nilienda polepole makusudi. Ya tatu, kwenye kona ndefu ya kulia, mkia ulitoka. Mguu wangu ulitaka kuruka kutoka kwenye mafuta, nikauzuia, nikageuza usukani kidogo upande ule mkia ulikoelekea, na gari likajinyoosha likaenda. Sikuwa na wa kumwambia humo ndani, nikapiga kelele peke yangu ndani ya helmeti.

Saa ilisema dakika moja na sekunde 21. Mara ya kwanza raundi yangu bora kwenye njia kama hiyo ilikuwa dakika moja na sekunde 38. Guka aliitikia kwa kichwa tu. Kisha akaingia dada mmoja na Vitz ya kawaida, ya kusukumwa mbele, ambayo haijabadilishwa chochote ila tairi, akamaliza kwa dakika moja na sekunde 19.

Nimemwomba Jumapili ijayo nikae naye kiti cha pembeni.